Mkanda wa taimingi: Namna ya kuubadilisha nyumbani bila vyombo vya gereji kubwa

Ndani ya gari lako huenda mna mkanda mmoja wa mpira ambao hujawahi kuuona. Umefichwa nyuma ya vifuniko vya plastiki ubavuni mwa injini. Haupigi kelele wala hauvuji, na mara nyingi hautoi dalili yoyote kabla ya kukatika. Siku ukikatika gari huzima hapo hapo, iwe uko Daraja la Nyali, iwe uko kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni. Kwa magari mengine hasara huishia kwenye kuvutwa kwa kamba hadi nyumbani. Kwa mengine injini nzima huharibika.

Huo ndio mkanda wa taimingi. Wasomaji wengi wameniuliza kama mtu wa kawaida, mwenye spana za kawaida, anaweza kuubadilisha nyumbani kwake. Jibu langu ni kwamba anaweza kwa baadhi ya magari, na kwa mengine asithubutu. Leo nitaeleza tofauti hiyo, kisha nitaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua kwa gari ninalolijua vizuri: Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, ambayo bado imejaa mitaani kwetu kuanzia Likoni hadi Malindi. Yangu nimeshaibadilisha mkanda mara mbili, uani kwangu, chini ya mwarobaini.

Mkanda huu hufanya kazi gani?

Injini ina shafti ya chini, ambayo mafundi huiita krenki. Hiyo huzungushwa na pistoni zinapopanda na kushuka. Juu kuna shafti nyingine, yaani kemu, inayofungua na kufunga valvu za kuingiza hewa na petroli na za kutoa moshi. Shafti hizi mbili lazima ziende kwa hesabu moja: krenki ikizunguka mara 2, kemu izunguke mara 1. Kinachozifunga pamoja ni mkanda wenye meno kwa ndani, unaopita kwenye puli ya chini na puli ya juu. Katika 5A kemu ni mbili, lakini mkanda huendesha moja tu, nayo huizungusha mwenzake kwa meno ya gia.

Hesabu hiyo si ya mchezo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Ni kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja: akikosea mmoja mdundo, makasia hugongana na chombo husimama. Mkanda ukiruka jino moja gari hukosa nguvu na kutetemeka. Ukikatika, kemu husimama na valvu hubaki pale zilipo, nyingine zikiwa wazi, huku pistoni zikiendelea kupanda kwa nguvu ya mwendo uliobaki.

Kwanza lijue gari lako

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Magari mengi tunayoendesha siku hizi hayana mkanda wa taimingi kabisa. Probox, Fielder na Vitz zenye injini ya 1NZ hutumia mnyororo wa chuma unaolainishwa na oili ya injini. Mnyororo huo haubadilishwi kwa ratiba kama mkanda. Unachohitaji ni oili safi kwa wakati wake. Ukiambiwa na mtu kwamba Probox yako "imefika kilomita za mkanda wa taimingi," mwambie akuonyeshe huo mkanda. Aghalabu atakuonyesha mkanda wa nje unaozungusha oltaneta, ambao bei yake na kazi yake ni kitu kingine kabisa.

Kwa magari yenye mkanda, kuna aina mbili za injini. Aina ya kwanza, pistoni na valvu hazifikiani hata mkanda ukikatika. Injini huzima tu. Unaweka mkanda mpya, unapanga taimingi, unaendelea na safari. 5A ya Corolla 110 iko kundi hili, na ndiyo sababu nasema ndiyo injini ya mtu kujifunzia. Aina ya pili, pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu. Mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu zilizo wazi na kuzipinda. Injini za dizeli ziko hivyo, zikiwemo 3L, 5L, 1KZ na 1KD ambazo tumezizoea kwenye Hiace, Surf na Prado. Subaru zenye injini ya EJ20 nazo si za kuchezea: mkanda wake ni mrefu, unapita puli nyingi, unazungusha pampu ya maji pia, na kwenye zile za kemu nne baadhi ya kemu hukaa zikiwa zimebanwa na springi, kwa hivyo huruka zenyewe pale unapoutoa mkanda. Hizo mpelekee fundi anayezifahamu.

Jirani yangu mmoja Kisauni alikuwa na Hiace ya dizeli ya kubebea watoto wa shule. Aliinunua mkononi, injini safi, bei nzuri. Magari hayo yana taa ndogo kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT, ambayo kwa mengi huwaka kila kilomita 100,000 kumwambia mwenye gari kwamba mkanda umefika mwisho. Kwake haikuwahi kuwaka, naye akaamini mambo ni sawa. Asubuhi moja, watoto wakiwa wamekwisha kushushwa, gari lilitoa mlio mmoja wa chuma na kufa. Kichwa cha injini kilipofunguliwa, valvu zilikuwa zimepinda. Baadaye fundi wa umeme alifungua dashibodi akakuta balbu ya taa ile imetolewa. Aliyemuuzia, au aliyekuwa nalo kabla, aliona kung'oa balbu ni rahisi kuliko kununua mkanda. Gari lililala mihula miwili, na mtoto wake mwenyewe akarudishwa nyumbani kwa karo.

Basi kama una dizeli ya Toyota, fanya hivi leo kabla hujalala. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usiwashe injini. Taa ya T-BELT lazima iwake pamoja na nyingine, kisha izime injini ikiwaka. Ikiwa haiwaki kabisa, ama balbu imekufa au kuna mtu aliyekuficha jambo. Usingoje kukatika ndipo ujue.

Ni wakati gani wa kuubadilisha?

Kwa Corolla 110 kipimo cha kawaida ni kilomita 100,000. Lakini kilomita peke yake hazitoshi kwetu. Mpira huzeeka kwa miaka na kwa joto hata gari likiwa limesimama. Ukikaa kwenye foleni ya feri saa nzima injini ikiunguruma, mkanda unafanya kazi na kilomita hazisongi. Na kwa gari lililopitia mikono mitatu, hakuna wa kukuhakikishia kwamba saa ya kilomita haijarudishwa nyuma. Magari yaliyotoka Japani mara nyingine huwa na kibandiko ndani ya boneti, kilichoandikwa tarehe na kilomita za mkanda kubadilishwa. Kitafute. Usipokikuta, na mwenye gari hana risiti, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa.

Unaweza pia kuutazama. Fungua kifuniko cha juu, chukua tochi, ukague mgongo na meno. Nyufa ndogo, nyuzi zinazochomoza, meno yaliyolika au mpira unaong'aa kama umepigwa rangi, zote ni dalili za kuubadilisha. Mkanda ulioloa oili nao ubadilishwe mara moja hata ukiwa wa jana, kwa maana oili huulainisha mpira na kuula. Hapo tafuta pia oili inatoka wapi. Kwa kawaida ni sili ya kemu au ya krenki.

Vyombo na vifaa

Huhitaji mashine. Unahitaji seti ya soketi na spana kuanzia namba 10 hadi 19, soketi ya plagi namba 16, kishikio kirefu cha soketi na kipande cha paipu ya chuma cha kurefushia, bisibisi mbili bapa, jeki, stendi mbili za kusimamishia gari, kipande cha ubao mgumu, tochi na rangi ya kucha nyeupe. Rangi hiyo ninaiomba ndani kwa mama watoto, na humrudishia.

Cha mwisho ni mizani ya ndoana, ile ambayo wauza samaki huning'inizia kolekole na nguru. Nitaeleza kazi yake mbele.

Vifaa vya kununua ni mkanda wenyewe, puli ya kukazia pamoja na springi yake, na sili mbili za oili kama za zamani zinavuja. Pampu ya maji ya 5A huzungushwa na mkanda wa nje, kwa hivyo haiko katika kazi hii. Nenda dukani na namba ya injini. Mkanda mpya uwe na jina la mtengenezaji na namba yake, vyote vimechapishwa vizuri mgongoni. Ukikuta maandishi yanafutika kwa kidole, urudishe. Usiukunje mkanda wala kuupinda kwa nguvu, na usiuache juani. Nyuzi zilizo ndani yake zikivunjika hutaziona kwa nje.

Usalama kabla ya yote

Nyua zetu nyingi ni mchanga, na jeki kwenye mchanga huzama na kuinama. Weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe. Usiweke kichwa wala mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Toa waya hasi wa betri. Injini iwe baridi. Na funguo uziweke mfukoni mwako, zisikae kwenye gari ambako mtoto anaweza kuzizungusha.

Usiku wa kabla, mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye boltí zote utakazofungua. Hewa yetu ya chumvi hufanya bolti ishikane na chuma kama iliyochomelewa, na bolti ikikatikia ndani, kazi ya siku moja huwa ya wiki.

Kazi yenyewe: kufungua

Kwanza, piga picha kwa simu kila unapotoa kitu. Picha hizo ndizo kitabu chako wakati wa kurudisha.

Pili, inua upande wa dereva, weka stendi, toa gurudumu la mbele na kinga ya matope iliyo nyuma yake. Hapo utaiona puli kubwa ya krenki, na bolti yake ya namba 19 katikati. Legeza oltaneta, kompresa ya baridi na pampu ya usukani, utoe mikanda ya nje yote.

Tatu ni kulegeza bolti ya krenki, nayo ndiyo inayowashinda wengi. Kwa gari la gia za mkono, rudisha nati mbili za gurudumu ili zishike diski, weka gia ya tano, na mtu akanyage breki kwa nguvu zake zote. Wewe weka soketi ya 19, chomeka paipu kwenye kishikio, uvute kinyume na mwendo wa saa. Italia kwa mlio mkali kisha italegea. Kwa gari la gia za otomatiki njia hiyo haifanyi kazi. Mwite fundi mwenye bunduki ya umeme ya kufungulia bolti. Ni kazi ya dakika moja. Wako wanaofunga kishikio chini ya gari na kugusa stata ili injini ijifungue yenyewe. Mimi siifanyi njia hiyo wala simshauri mtu, kwa sababu kishikio kikiteleza huruka na nguvu ya kuvunja mguu. Bolti ikishalegea, ikaze tena kidogo kwa mkono, maana bado utaitumia kuzungushia injini.

Nne, toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, utoe na kifuniko cha valvu kilicho juu pamoja na kifuniko cha juu cha mkanda. Weka gia huru. Sasa zungusha krenki kwa spana ya 19, kuelekea mwendo wa saa, huku ukitazama alama mbili. Chini, mfuo mdogo kwenye ukingo wa puli ya krenki ukae sawa na alama ya 0 kwenye kifuniko. Juu, tundu dogo lililo kwenye puli ya kemu litazamane na alama iliyo nyuma yake kwenye chuma kinachoshika kemu. Kama chini ni sawa na tundu la juu haliko mahali pake, zungusha krenki duara moja zima zaidi. Kumbuka hesabu yetu: mizunguko miwili chini, mmoja juu. Zikishakaa sawa zote mbili, piga picha, na kuanzia hapo usiizungushe injini tena.

Tano, weka ubao juu ya jeki, uiinue taratibu hadi ishike chini ya injini bila kuibeba. Sasa toa mkono wa kulia unaoshika injini. Chomoa puli ya krenki. Ikigoma, itikise kushoto na kulia, usiipige nyundo. Ukiona matundu mawili yenye nyuzi za bolti usoni mwake, hayo yamewekwa kwa ajili ya kuivutia. Kisha toa vifuniko vilivyobaki, bolti zake ni za namba 10. Mkanda sasa uko wazi mbele yako kutoka juu hadi chini.

Siri ya rangi ya kucha

Hili ndilo linalochukua nafasi ya vyombo maalumu vya gereji. Kabla ya kulegeza chochote, weka nukta ya rangi pale jino la mkanda linapokutana na alama ya puli ya juu, nukta ikamate mkanda na puli. Fanya hivyo hivyo chini kwenye gia ndogo ya krenki, ambayo nayo ina alama yake inayotazamana na alama kwenye mwili wa pampu ya oili.

Legeza bolti ya puli ya kukazia, isukume puli upande wa kuulegeza mkanda hadi mwisho, ikaze kwa muda. Mkanda utatoka kwa mkono. Ulaze juu ya meza pamoja na ule mpya. Hesabu meno yote ya mkanda wa zamani, kisha ya mpya. Yakitofautiana hata kwa jino moja, umeuziwa siyo. Yakilingana, hesabu meno kutoka nukta ya juu hadi nukta ya chini, uhamishie nukta hizo kwenye mkanda mpya. Hesabu mara mbili, na mtu mwingine ahesabu mara ya tatu.

Wakati huu zungusha puli ya zamani ya kukazia kwa kidole. Ikinguruma au ikicheza, beringi yake imekwisha. Mimi huibadilisha kila mara, kwa maana ikishika njiani itaukata mkanda mpya. Kagua sili za oili pia, na usafishe eneo lote kwa kitambaa kikavu.

Kufunga mkanda mpya

Funga puli mpya ya kukazia na springi yake, uisukume upande wa kulegea kama mwanzo. Mkanda ukiwa na mishale, ielekee upande injini inakozungukia. Anza chini: kalisha nukta kwenye alama ya krenki. Panda juu kwa upande usio na puli ya kukazia, ukiuvuta mkanda ukae bila kulegea, hadi nukta ya pili ikalie puli ya kemu. Ulegevu wote ubaki upande wa puli ya kukazia. Sasa legeza bolti yake, springi iuvute mkanda yenyewe. Usiongeze nguvu kwa bisibisi. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hulia na kula beringi. Uliolegea huruka meno.

Rudisha bolti ya krenki kwa muda na uizungushe injini kwa mkono, polepole, duara mbili kamili kuelekea mwendo wa saa. Ukihisi imegonga kitu na kukataa, simama. Usilazimishe. Rudi ukatazame alama. Duara mbili zikitimia, alama za puli zote mbili lazima zirudi pale pale zilipokuwa. Nukta zako za rangi kwenye mkanda hazitarudi mahali pake, na hilo lisikutie hofu. Mkanda una idadi yake ya meno na puli zina yake, kwa hivyo huhama kila mzunguko. Kinachohesabiwa sasa ni alama za puli tu.

Zikiwa sawa, kaza bolti ya puli ya kukazia. Bonyeza mkanda katikati ya upande wake mrefu, kwa nguvu ya kilo 2 hivi: uzame milimita 5 hadi 6. Ikiwa alama zimepishana hata jino moja, toa mkanda urudie. Hakuna "karibu sawa" hapa.

Mizani ya samaki

Gereji kubwa zina spana inayopima nguvu ya kukaza. Sisi tuna mizani. Nguvu ya kukaza bolti ni uzito unaovuta mara urefu wa kishikio. Bolti ya krenki ya injini hii hukazwa kwa nyutoni-mita 118, ambazo ni sawa na kilo 12 kwenye kishikio cha mita 1. Pima sentimita 60 kutoka katikati ya bolti hadi pale utakapotia ndoana, kisha vuta kwa mizani hadi isome kilo 20. Ukiwa na kishikio cha sentimita 50, vuta hadi kilo 24. Bolti ya puli ya kukazia ni nyutoni-mita 37, yaani kilo 12 na nusu hivi kwa kishikio cha sentimita 30. Sharti moja tu: mizani na kishikio vifanye pembe mraba wakati wa kuvuta, vinginevyo hesabu si ya kweli.

Kabla ya kukaza bolti ya krenki, rudisha kifuniko cha chini, kisha puli, na uhakikishe kijichuma kinachoifunga puli kwenye shafti kimekaa ndani ya mfuo wake. Krenki ishikwe kama ulivyoishika wakati wa kufungua. Rudisha vifuniko vilivyobaki, mkono wa injini, mikanda ya nje, kifuniko cha valvu, plagi, gurudumu na betri. Tumia picha zako kinyumenyume. Hesabu bolti, zisibaki.

Washa injini ukisikiliza. Ikitetemeka, ikikosa nguvu au ikilia upande wa mkanda, zima utazame upya. Ikitulia, iache ipate joto, uende mzunguko mfupi mtaani kabla ya kushika barabara kuu. Kazi nzima kwa mtu wa mara ya kwanza ni ya siku moja, alfajiri hadi magharibi. Usiianze saa tisa mchana ukitarajia kulitumia gari usiku.

Na fundi je?

Wapo watakaosema kwamba kufundishana hivi ni kuwanyima mafundi riziki. Sioni hivyo. Fundi mwema hupoteza wakati mwingi akibishana na mteja asiyejua anachokilipia. Ukiijua kazi hii, hata usipoifanya mwenyewe, utajua kumwambia: nionyeshe mkanda wa zamani, nionyeshe namba ya huu mpya, tuzungushe kwa mkono duara mbili nione alama zikirudi. Fundi wa kweli atafurahi. Asiyetaka hata uchungulie, chukua funguo zako.

Na watu wetu wengi magari hayo ndiyo shamba lao: teksi, gari la samaki, gari la wanafunzi. Mkanda wa mpira usikatize masomo ya mtoto wa mtu kwa sababu tu hakuna aliyemwambia kwamba upo.

Ukimaliza, chukua kipande cha karatasi, andika tarehe na kilomita, ukibandike ndani ya boneti kwa gundi isiyoogopa joto. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na siku utakapoliuza gari hilo, kibandiko kikae pale pale, ili atakayelinunua ajue amenunua nini.